Karani wa Mapingamizi ya Wanyama

Mzee Ngwali Shaibu hakuwa na mke, kwa kuwa mkewe, Bi Siwema, alikuwa amefariki, na huu ulikuwa mwaka wa tatu. Hakuwa na meno manne ya juu. Hakuwa na redio, maana redio ya nchi ile ilikuwa na kipindi kimoja tu na alikwisha kukikariri. Hakuwa na mtoto wa kumwandikia barua, wala shamba, wala kiti cha pili cha kumpa mgeni, wala zulia, kwa sababu mazulia yalikuwa yamepigwa marufuku. Hakuwa na ule usingizi wake wa mchana aliokuwa akiuringia zamani. Na zaidi ya yote hayo, hakuwa na kitu ambacho kila raia mwenzake alikuwa nacho: sakafu ambayo mtu akiinama anauona uso wake.

Alichokuwa nacho ni paka mmoja, jike, wa rangi ya kashata iliyoungua kidogo, na jina lake ndilo hilo, Kashata. Katika mtaa mzima, na pengine katika nchi nzima, huyu ndiye alikuwa paka wa mwisho aliyetembea akiwa hai. Inabidi isemwe hivyo, "akiwa hai", kwa sababu wale wengine nao walikuwa bado wanatembea.

*

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa jina. Ilikuwa nchi ya kawaida, yenye vumbi la kawaida, mpaka siku Mtukufu Kiongozi aliposafiri ng'ambo. Huko aliingia katika hoteli, akatazama chini, akauona uso wake sakafuni. Waliokuwapo wanasema alisimama pale robo saa nzima, wasaidizi wakidhani ameugua.

Aliporudi aliwaita mawaziri. "Huko nilikokwenda," aliwaambia, "nimeona nchi ambayo kila ninapokanyaga, nipo. Hapa kwetu nikitazama chini sioni kitu. Hiyo ni haki?"

Mawaziri walikubaliana kwamba hiyo si haki. Kabla ya mwezi kuisha ikapitishwa Sheria ya Mng'aro, na ikaundwa Wizara ya Mng'aro, na Wizara ikatengeneza dawa ya kuoshea sakafu iliyoitwa Ng'ara. Ukiitia dawa hiyo katika ndoo, maji yaligeuka meupe kama tui. Harufu yake ilikuwa ya hospitali iliyojipaka marashi. Kila Alhamisi wakaguzi wa Wizara walipita nyumba hadi nyumba, wakainama katikati ya chumba na kujitazama. Mkaguzi akijiona mpaka meno, aliandika "Safi". Akijiona umbo tu, aliandika "Onyo".

Msomaji asidhani kwamba serikali ile haikuwajali wanyama. Iliwajali kuliko serikali zote za jirani. Kabla Ng'ara haijauzwa, Waziri wa Mng'aro, Mheshimiwa Daktari Pangalashaba, alisimama mbele ya watu akasema: "Katika nchi nyingine mnyama humwagiwa dawa bila kushauriwa. Sisi tutamwuliza."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Bodi ya Usalama wa Wanyama wa Nyumbani, na Ngwali Shaibu, aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko makarani wote wa Wizara, akapewa kazi ya kuwa Karani wa Mapingamizi.

Utaratibu ulikuwa hivi. Sakafu ya ukumbi ilioshwa kwa dawa inayopimwa. Mnyama aliletwa, akasimamishwa katikati. Mwenyekiti alimsomea maandishi yote ya kwenye chupa, toka juu hadi chini, polepole, kisha akamwuliza mara tatu: "Je, una pingamizi?" Baada ya hapo Bodi ilisubiri siku tatu. Mnyama asiposema neno, Karani aliandika katika daftari kubwa: "Hakuna Pingamizi", akatia sahihi yake, na dawa ikaruhusiwa kuuzwa.

Mnyama wa kwanza kuulizwa alikuwa paka mweusi aliyeokotwa jikoni mwa Wizara. Ngwali alimwandika kwa uangalifu: "Dume. Mweusi. Mguu wa mbele kushoto una vidole vitatu." Paka yule alisikiliza maandishi yote ya chupa. Kisha akakaa kitako akajilamba miguu, kama paka wote wanavyofanya wakikanyaga majimaji. Hapo ndipo jambo zima lilipokuwa, lakini halikuingizwa katika daftari, kwa sababu kujilamba si kauli.

Siku ya pili Karani alikwenda kwa Mwenyekiti.

"Mheshimiwa, kuhusu yule paka."

"Amesema neno?"

"Hapana, Mheshimiwa. Amekufa."

"Sikukuuliza yukoje. Nimekuuliza kama amesema neno."

"Hajasema."

"Basi endelea kusubiri. Siku zilizoamuliwa ni tatu."

Wakasubiri hadi siku ya tatu. Paka hakusema. Mwenyekiti alisifu ukimya wake, akasema katika maisha yake hajaona kiumbe aliyeridhika kiasi kile, na Ngwali akaandika alichotakiwa kuandika.

Akaandika hivyo kwa miaka kumi na tisa.

*

Haitakuwa haki kusema kwamba Ngwali alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa sentensi iliyonyooka. Kanuni za mapingamizi zilipohitajika, yeye ndiye aliyezitunga, na usiku ule alilala akizirudiarudia kwa furaha. Kanuni ya kwanza ilisema: "Pingamizi litapokelewa kutoka kwa mnyama mwenyewe tu, kwa maandishi, likiwa na sahihi au alama ya mguu wake, mbele ya Karani." Ya pili ilisema kwamba pingamizi moja likipokelewa, dawa itasimama nchi nzima mpaka mwenye pingamizi aitwe mbele ya Bodi na asikilizwe. Ya tatu ilisema kwamba barua yenye lakiri ya Karani, ile nta nyekundu ya kupigia mhuri, ikikabidhiwa mtu yeyote mwenye sare ya Wizara, ataipeleka kwa Bodi papo hapo, kwa mikono miwili, bila kufanya kazi nyingine yoyote njiani.

Mwenyekiti alizisoma akasema, "Sentensi hizi zina uti wa mgongo." Zikachapishwa. Zikachapishwa pia fomu elfu moja za pingamizi, Fomu Namba Tisa, na katika miaka kumi na tisa haikutumika hata moja.

Kwa kuwa kazi ile haikuwa na kazi, mwishowe Bodi ilisahau kumwita. Hakuna aliyekumbuka kumstaafisha. Walikumbuka tu kukichukua kiti chake. Siku moja alirudi nyumbani na mhuri wake, kipande cha lakiri nyekundu, na bunda la Fomu Namba Tisa la kutandikia kabati. Hakurudi tena, na hakuna aliyeuliza.

Katika miaka ile yote alikuwa akipewa chupa mbili za Ng'ara kila mwezi kama zawadi ya utumishi. Bi Siwema ndiye aliyeosha. Aliosha kama alivyofundishwa na mama yake, akiwa peku, ameinama, kitambaa mkononi, uso karibu na ndoo. Alimfungia Kashata nje, uani, mpaka sakafu ikauke na asuuze tena mara mbili kwa maji matupu. "Huyu hana viatu," alikuwa akisema, kana kwamba yeye mwenyewe anavyo.

Siku moja alisimama mlangoni akishika kifua. "Ngwali, hii dawa yenu inaniwasha kifuani."

Ngwali alikuwa anakunywa chai. Akajibu, "Hakuna pingamizi lililopokelewa, mke wangu." Akacheka kidogo, maana aliona amesema jambo la kuchekesha. Bi Siwema naye alitabasamu, akarudi kwenye ndoo.

Daktari wa Wizara aliyekuja kumwona alisema ni kikohozi cha usafi, mapafu yanatoa uchafu wa zamani. Yalitoa kwa miezi saba, kisha yakaacha kufanya chochote. Tangu siku ile Mzee Ngwali hakuitia Ng'ara tena katika ndoo yake. Akawa anaosha kwa sabuni ya mche, kijiko cha siki, na maji matupu mwishoni. Kashata akaishi.

*

Nyayo zilianza kuonekana mwaka ambao paka waliokuwa hai walikwisha.

Wizara ilikuwa na maelezo kuhusu kwisha kwao. Kwanza ilisema paka wamekwenda mapumziko. Kisha ikasema paka wengi wamehamia vijijini kujitegemea. Mbwa walipofuata, na kuku wanaolala jikoni, ikasemwa kwamba takwimu zinaonyesha wanyama hawalalamiki kabisa, na hilo lilikuwa kweli.

Halafu siku moja, saa saba mchana, jua likiwa utosini na sakafu zimetoka kuoshwa, katika kila nyumba kukatokea alama za miguu midogo juu ya ule unyevu. Ziliingia mlangoni, zikakatiza chumba, zikasimama. Hakuonekana mwenye miguu. Sakafu ikikauka, zilipotea. Kesho yake, saa ileile, zilirudi.

Watu wote waliziona na hakuna aliyesema. Wanawake waliosha huku wakitazama dari. Mgeni akiingia saa saba, mwenyeji alimsogezea kiti upesi, miguu ya mgeni ikapata pa kuning'inia. Wizara ikatoa tangazo: "Unyayo usio na mnyama si unyayo." Wananchi wakashauriwa kuosha mara mbili kwa siku, na nyayo nazo zikaanza kuonekana mara mbili kwa siku.

Nyumbani kwa Mzee Ngwali zilikuwa nyingi kuliko kokote. Katika nyumba nyingine ziliranda huku na huku. Kwake ziliingia moja nyuma ya nyingine, zikanyooka kutoka mlangoni hadi kwenye meza yake ya kuandikia, zikaishia hapo. Kila saa saba alikaa nyuma ya meza ile, miguu ameikunja juu ya kiti, akizitazama zikija. Kashata alikaa dirishani, manyoya yamesimama, lakini hakukimbia. Alitazama kama mtu anayetazama jamaa zake wakishuka kwenye basi.

Mzee hakuelewa walitaka nini. Ndiyo maana hakuwa na usingizi wa mchana.

*

Alhamisi moja Mkaguzi Mfaume Chande aliingia, mtu mwembamba, mwenye sare nyeupe na viatu vya raba visivyo na doa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Chande aliinama katikati ya chumba. Akainama zaidi. "Sijioni."

"Sogea kidogo upande wa dirisha."

"Nimesogea. Naona kitu kama kiazi."

"Basi ndiyo wewe."

Chande hakucheka. Alinusa. "Umeoshea nini hapa?"

"Sabuni ya mche. Na siki kidogo."

"Mzee wangu, sabuni ya mche ni ya nguo."

"Na nguo nazivaa mwilini, na mpaka leo sijafa."

"Hili ni onyo la pili," alisema Chande akiandika. "Waliokagua kabla yangu walikuhurumia kwa msiba. Mimi nilikupa onyo la kwanza mwezi uliopita. La tatu hakuna. Alhamisi ijayo nitakuja na ndoo yangu niioshe mwenyewe kwa Ng'ara, chumba, jiko, mpaka uani. Sheria inataka wakazi wote wawe ndani, mlango umefungwa, ili waione faida."

"Wakazi wote?"

Chande alimtazama Kashata dirishani, kisha akatazama karatasi yake. "Wote, Mzee. Sikuitunga mimi."

Ilikuwa imekaribia saa saba. Alipokuwa akitoka, Chande aliinua mguu juu kabisa akavuka kitu ambacho hakikuwapo. Akaona kwamba Mzee amemwona.

*

Mzee Ngwali alikuwa na siku saba. Kumhamisha Kashata hakukufaa, maana hapakuwa na nyumba nyingine isiyooshwa kwa Ng'ara, na hata pangekuwapo, paka yule alikuwa amekwisha kupelekwa mbali mara mbili na mara mbili alirudi kabla ya aliyempeleka. Kwa hiyo Mzee alikwenda kwenye Duka la Mng'aro kutafuta dawa ya kununua mwenyewe, yenye kung'arisha bila kuua, ili Chande akija akute kazi imekwisha.

Dada muuzaji alimwonyesha kabati lenye chupa za rangi saba. "Chagua, babu. Raia ana uhuru wa kuchagua. Ng'ara, Ng'ara Asubuhi, Ng'ara Familia, Ng'ara Waridi, Ng'ara Mtoto, Ng'ara Kiongozi, na hii ni Ng'ara Rafiki wa Paka."

"Nataka ambayo paka akiikanyaga kisha akajilamba, haimdhuru."

"Zote ni salama."

"Hii ya Rafiki wa Paka ina tofauti gani na hizo?"

"Ina picha ya paka."

"Na ndani?"

Dada aligeuka nyuma. Nyuma yake palikuwa na pipa moja la bluu lenye bomba moja, na chini yake chupa tupu za rangi saba zimepangwa. "Ndani ni mambo ya Wizara," alisema. Kisha akainamisha kichwa karibu na cha Mzee. "Mimi nyumbani nina njiwa wawili. Nilikuwa nao. Babu, usinunue."

Mzee aliigeuza chupa yenye picha ya paka. Nyuma yake, chini kabisa, palichapishwa maneno mawili kwa mwandiko uliolala vizuri upande wa kulia, herufi ya kwanza ikiwa na mkia mrefu: "Hakuna Pingamizi". Na chini yake sahihi. Akaigeuza ya pili, ya tatu, ya saba. Sahihi ilikuwa ileile. Alikumbuka asubuhi aliyoiandika, na kalamu, na jinsi alivyoutengeneza ule mkia.

"Mwandiko mzuri, sivyo?" alisema dada. "Aliyeuandika nadhani ameshakufa zamani."

"Bado," alisema Mzee Ngwali. Akaondoka na mche mmoja wa sabuni.

*

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Nyamvula, mwanamke wa makamo aliyekaanga vitumbua asubuhi na kusema ukweli kutwa nzima. Alikuwa na paka aliyeitwa Sikujua, aliyekufa chini ya kitanda chake mwaka juzi. Alimkuta Mzee ameketi kibarazani, sabuni mapajani.

"Umekuja na sabuni tu? Wenzako wanakuja na kitoweo."

"Nyamvula, Alhamisi wanamwua Kashata."

Bi Nyamvula alikaa chini. "Wanamwua kwa karatasi ya nani?"

Mzee aliigeuzageuza sabuni mapajani.

"Mimi nilikuwa nikimwosha Sikujua miguu kila siku," alisema Bi Nyamvula. "Nikaisoma ile chupa, nikaona imeandikwa hakuna pingamizi, nikaacha kumwosha. Nilisema, Mzee Ngwali ni jirani yangu, hawezi kuandika uongo."

"Sikuandika uongo. Hawakusema."

"Uliwauliza kwa Kiswahili?"

"Utaratibu ndio ulikuwa huo."

"Basi watu wako wana utaratibu kuliko wewe. Kutwa wanakupangia foleni humo ndani, na umewageuzia uso."

Mzee aliinua kichwa. "Umewaona?"

"Dirisha langu linatazama mlango wako. Nawaona wanavyoingia, mmoja mmoja, hakuna anayemsukuma mwenzake. Mzee Ngwali, umekaa ofisini miaka kumi na tisa. Mtu akisimama kwenye foleni mbele ya meza ya karani, anataka nini?"

Mzee Ngwali aliiweka sabuni chini. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Anataka fomu."

Akainuka akaingia ndani. Fomu Namba Tisa zilikuwa kabatini, chini ya vikombe vya Bi Siwema, baadhi zina duara za chai. Mhuri ulikuwapo. Lakiri ilikuwapo. Kilichobaki ni wino.

"Wa mhuri haufai," alisema. "Kashata naye atatia alama. Akijilamba itakuwa nimefanya kazi yao."

"Wa chuoni, wa watoto wa Kurani kuandikia mbao," alisema Bi Nyamvula. "Mchele ulioungua. Hata mtoto akiulamba hapati kitu."

Wakakaanga mchele mpaka ukawa mkaa, wakautwanga, wakauchuja kwa maji, wakaukoroga mpaka ukawa mweusi na mzito. Ilikuwa Jumatano jioni. Kesho yake ilikuwa Alhamisi.

*

Asubuhi Mzee aliosha sakafu kwa sabuni ya mche, akaisuuza mara mbili kwa maji matupu kama alivyokuwa akifanya Bi Siwema. Akaweka sinia la wino kwenye kizingiti. Akavaa koti lake la ofisi. Akatandika Fomu Namba Tisa moja sakafuni mbele ya meza, akakaa, kalamu mkononi, miguu yake safari hii ameishusha chini.

Ilipofika saa saba, wino katika sinia ukatikisika.

Alama ya kwanza ilitokea kwenye saruji, nyeusi, ndogo. Ikafuata ya pili. Zilikuja polepole, zikapanda juu ya karatasi, zikasimama. Mzee Ngwali aliinama kutazama. Mguu wa mbele kushoto ulikuwa na vidole vitatu.

Alijua angeulizwa ni nani huyu, na alijua ameandikwa wapi, ukurasa wa kwanza wa daftari la Bodi, mstari wa kwanza. "Dume," aliandika. "Mweusi." Kwenye nafasi ya maelezo kalamu ilianza yenyewe, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, kuandika "Hakusema neno". Akayakata maneno hayo kwa mistari miwili. Akaandika: "Amefika."

Akainua fomu ile, akaipuliza, akatandika nyingine.

Wakaja. Paka wa Wizara, paka wa mtaani, paka ambao hakuwahi kuwaona. Watoto wa paka, nyayo zao kama punje za pilipili manga. Mbwa mmoja mzito aliyeacha alama tatu kwa papara. Kuku wenye vidole kama matawi. Njiwa wawili pamoja, kwenye fomu moja, na Mzee hakuwatenganisha. Kwenye moja aliandika jina bila kuuliza, Sikujua, kwa sababu ukutani upande wa pili alimsikia Bi Nyamvula akilaza kiganja kwenye plasta. Kila mmoja alifika, akatia alama, akasogea pembeni. Hakuna aliyeondoka. Chumba kilijaa bila kuonekana kitu. Hewa ikawa na joto la manyoya.

Kisha kwenye sinia wino ulisukumwa na mguu mkubwa.

Unyayo uliokanyaga kizingiti ulikuwa wa mtu, peku, mwembamba, kidole cha mwisho kimepanda juu ya kingine. Mzee Ngwali alikuwa ameukanda mguu ule kwa mafuta ya nazi miezi saba. Ulikuja bila haraka, ukizunguka wanyama waliosimama, ukapanda juu ya fomu.

Alama ilibaki kwenye karatasi. Kando yake sakafuni palikuwa na tone la maji, kama limedondoka kutoka kwenye kitambaa.

Fomu ilikuwa na nafasi iliyoandikwa "Aina ya mnyama". Hapakuwa na fomu ya watu. Katika miaka yote ile haikuwahi kumjia akilini mtu yeyote kwamba watu wangehitaji yao. Mzee alishika kalamu juu ya nafasi ile mpaka wino ukakaribia kudondoka. Akaandika: "Mke wa Karani." Kwenye nafasi ya maelezo hakuandika kwamba amefika. Aliandika maneno aliyoambiwa mlangoni, siku ya chai, bila kuongeza wala kupunguza: "Hii dawa yenu inaniwasha kifuani."

Halafu, chini yake, kwa mwandiko wake mzuri kuliko yote aliyowahi kuandika, akaweka: "Pingamizi limepokelewa." Akatia sahihi. Mkia wa herufi ya kwanza hakuutengeneza.

Kashata aliruka kutoka dirishani. Alikanyaga sinia, akakatiza chumba akijipitisha huku na huku kama anayejisugua kwenye miguu ya mtu, akasimama juu ya fomu ya mwisho. Mzee alimwinua, akamwosha mguu kwa maji na sabuni ya mche, akausuuza, akaukausha kwa kanga ya Bi Siwema.

*

Chande alifika saa kumi na moja kasoro, ndoo mkononi, maji yake tayari meupe kama tui. Alisimama kizingitini. Alitazama sinia, akatazama nyayo nyeusi zilizojaa sakafu yote kutoka ukuta hadi ukuta, akatazama njia nyembamba kutoka mlangoni hadi mezani, iliyokanyagwa mpaka ikawa nyeusi tupu.

"Mzee," alisema, "unafanya nini?"

"Kazi yangu. Hawajanistaafisha."

Mzee alikuwa amekwisha kuzifunga fomu zote katika bahasha kubwa ya kaki. Aliwasha kiberiti, akaiyeyusha lakiri juu ya mkunjo wa bahasha mpaka likatengenezeka dimbwi dogo jekundu. Akalikandamiza kwa mhuri. Akasubiri likaganda.

"Weka ndoo chini, nje," alisema. "Kanuni ya tatu. Barua yenye lakiri ya Karani. Papo hapo, kwa mikono miwili, bila kazi nyingine njiani."

Chande aliijua kanuni ile. Alikuwa ameikariri ili apate sare. Aliweka ndoo nje, akafuta mikono kwenye suruali, akaipokea bahasha. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani.

"Humu kuna nini?"

"Mapingamizi mia nne na kumi na moja. Dawa inasimama nchi nzima mpaka wenyewe waitwe mbele ya Bodi, mmoja mmoja."

"Wataitwa?"

"Sheria inasema hivyo."

Chande alitazama chini. "Na wakiitwa, Mzee, watafika?"

Kwenye kizingiti, miguuni pa Chande, wino ulikuwa umeanza kugeuka. Nyayo zilizokuwa zikitazama meza sasa zilitazama nje. Alama ndogo yenye vidole vitatu ilikuwa imetangulia, ipo karibu na kiatu cheupe cha raba, inasubiri.

"Mama yangu aliosha miaka kumi," alisema Chande ghafla, bila kumtazama mtu. "Alikuwa anaimba akiosha. Halafu akaacha kuimba."

"Fomu zimebaki nyingi," alisema Mzee. "Ukirudi, tutakaa."

Chande aliikumbatia barua kwa mikono miwili, akageuka kuelekea Wizarani. Alichukua hatua moja kwenye vumbi la barabara. Nyuma yake, vumbini, zikatokea nyingine, na nyingine, na nyingine.

"Nenda taratibu," Mzee Ngwali alimwambia kutoka mlangoni, Kashata mikononi. "Wengine ni wadogo."